Kuanzisha upya profaili ya mtumiaji kwenye kompyuta ya pamoja bila kupoteza kazi ya mtu

Hapa Bukavu kompyuta ya mezani ni nadra kuwa ya mtu mmoja. Katika duka la kuchapa na fotokopi pale Nyawera, katika ofisi ya parokia huko Kadutu, au kwenye meza ya mhasibu wa chama cha akiba, mashine moja hutumiwa na watu wanne au watano, na kila mmoja huingia kwa jina lake na neno lake la siri. Ndiyo maana hitilafu ninayoieleza hapa huwachanganya wengi: asubuhi moja mtu mmoja anaingia na kukuta eneo-kazi tupu, picha ya nyuma imebadilika, hati hazionekani, na kivinjari kinamkaribisha kana kwamba hakijawahi kumwona, ilhali wenzake wanne wanafanya kazi kwenye mashine hiyohiyo bila shida yoyote. Hali ikiwa hivyo, msikimbilie kuisakinisha Windows upya. Mashine ni nzima, na kilichoharibika ni profaili ya mtu mmoja.

Mwongozo huu ni wa Windows 10 na Windows 11. Kwa kuwa mashine nyingi za kwetu zina Windows ya Kifaransa, nitataja baadhi ya vitufe kwa majina yake ya Kifaransa kama yanavyoonekana kwenye kioo.

Kabla ya kugusa chochote, tenganisheni vitu vitatu ambavyo watu huvichukulia kuwa kimoja. Akaunti ni ruhusa ya kuingia, yaani jina, neno la siri, na namba ndefu ya utambulisho inayoanza na S-1-5-21, ambayo Windows huitumia kumjua mtu hata akibadilishiwa jina. Profaili ni makao ya akaunti hiyo ndani ya diski: folda iliyo chini ya C:\Users, ambayo Windows ya Kifaransa huionyesha kwa jina la Utilisateurs, pamoja na mipangilio yote ya mtu huyo. Hati nazo ni mali iliyowekwa ndani ya makao hayo. Inawezekana kubomoa makao na kuyajenga upya huku akaunti ikibaki ileile na mali ikiwa salama, lakini hilo linawezekana tu kwa mtu anayejua ni kipi kati ya vitatu hivyo anachokishika mkononi.

Moyo wa profaili ni faili moja iliyofichwa inayoitwa NTUSER.DAT. Ndani yake mna mipangilio ya mtumiaji ambayo Windows huipakia kila anapoingia. Umeme ukikatika wakati faili hiyo inaandikwa, inaweza kuharibika, na hapo Windows ikishindwa kuisoma haimzuii mtu mlangoni, bali humpa makao ya muda katika folda ya C:\Users\TEMP. Mtu hukaa humo, huandika, huhifadhi, na akitoka vyote hufutwa.

Nililijua hilo kwa gharama ya mtu mwingine. Msichana mmoja aliyekuwa akimalizia TFC yake, ile kazi ya kuandika ya mwisho wa masomo ya chuo, alikuja kwenye chumba cha kompyuta ninachokisimamia, akakuta eneo-kazi lake jeupe. «Yaya, kazi yangu imeenda wapi?» akaniuliza. Nilikuwa na watu wa fotokopi wamepanga mstari, nikamjibu, «Ngoja kidogo, dada, nakuja.» Hakutaka kupoteza muda, kwa hiyo akafungua karatasi zake na kuanza kuipiga upya sura ya pili. Aliandika kwa saa mbili, akahifadhi kwenye Documents, akatoka kwenye akaunti yake kwa utaratibu kama nilivyowafundisha wote. Niliporudi kwenye mashine ile, ile TFC ya zamani ilikuwa imetulia mahali pake bila kupungukiwa hata na nukta. Zile saa mbili ndizo zilizopotea, na sikuweza kumrudishia.

Basi hatua ya kwanza ni kumsimamisha mtu asiandike kitu kipya, na kujua amekaa wapi. Akiwa bado ndani, bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andikeni cmd, kisha kwenye dirisha jeusi andikeni:

echo %userprofile%

Jibu likiwa C:\Users\TEMP, au jina la folda lenye TEMP ndani yake, yuko kwenye profaili ya muda. Kama ameshaandika chochote humo, kitiwe kwenye flashi sasa hivi, kabla hajatoka. Jibu likiwa folda yenye jina lake la kawaida, basi amekaa nyumbani kwake, na tatizo ni la namna nyingine: mipangilio iliyovurugika, menyu isiyofunguka, au programu inayojifunga kwa mtu huyo peke yake. Njia mbili hizi zinatengana baadaye, lakini mwanzo wake ni mmoja.

Mkiwa bado kwenye dirisha lilelile, andikeni pia whoami /user. Amri hiyo inatoa ile namba ndefu ya utambulisho hata mtu akiwa kwenye profaili ya muda. Inakilini kwenye karatasi, hasa tarakimu za mwisho, kwa sababu ndizo zinazotofautisha watumiaji wa mashine moja.

Sasa mtumiaji atoke, na mashine iwashwe upya mara mbili. Ushauri huu unaweza kuonekana wa kizembe, lakini mara nyingine profaili haikuharibika kabisa. Ilishikwa tu na programu nyingine, kwa mfano ya kupambana na virusi, wakati Windows ilipotaka kuifungua. Angalieni pia nafasi iliyobaki kwenye diski C, kwani diski iliyojaa pomoni inaweza kumtupa mtu kwenye profaili ya muda ingawa hakuna kilichovunjika. Baada ya kuwasha mara mbili, kama hali ni ileile, endeleeni.

Hatua zinazofuata zinahitaji akaunti ya pili yenye mamlaka ya msimamizi, kwa sababu hakuna anayeweza kuibomoa nyumba akiwa amelala ndani yake. Kila kompyuta ya pamoja inapaswa kuwa na akaunti ya namna hiyo ambayo haitumiki kwa kazi za kila siku. Kama haipo, lakini mtumiaji mmojawapo ana mamlaka, afungue dirisha jeusi kwa ruhusa ya msimamizi na kuandika net user Administrateur /active:yes, kwani Windows ya Kifaransa ina akaunti iliyolala yenye jina hilo. Mwekeeni neno la siri, na mkimaliza kazi mlaze tena kwa amri ileile, mkiweka no mahali pa yes.

Ingieni kwa akaunti hiyo mara tu baada ya kuwasha mashine, kabla mtu mwingine hajaingia. Hapa kuna kosa la mara kwa mara: mtu akichagua kubadilisha mtumiaji badala ya «Se déconnecter», anaonekana ametoka, kumbe profaili yake bado iko wazi chinichini, na faili zake zinakataa kuguswa.

Kisha mtoe nakala. Chomekeni diski ya nje yenye nafasi ya kutosha; tuseme imepewa herufi D, na mtumiaji wetu anaitwa neema. Fungueni dirisha jeusi kwa ruhusa ya msimamizi, mwandike:

robocopy C:\Users\neema D:\akiba\neema /E /XJ /R:1 /W:1

Sehemu ya /E inachukua folda zote pamoja na zilizo tupu. Sehemu ya /XJ ndiyo ambayo wengi huisahau: ndani ya profaili mna njia za mkato za mfumo zinazorudisha nyuma kwenye folda zilezile, na nakala isiyoziruka inaweza kuzunguka ndani yake bila mwisho hadi diski ijae. Zile R na W zinaiambia amri ijaribu tena mara moja tu na isubiri sekunde moja inapokutana na faili isiyosomeka, la sivyo mtakaa hapo hadi jioni. Kwa wanaohangaika kuupata mstari ulioinama kushoto (\): kwenye kibodi ya AZERTY ya Ufaransa ni AltGr pamoja na 8, na kwenye zile za Ubelgiji, ambazo nazo zipo humu mjini, ni AltGr pamoja na kitufe cha alama ya ndogo-kuliko.

Nakala ikiisha, msiiamini kwa macho. Fungueni hati mbili tatu kutoka kwenye diski ya nje, ikiwemo ile ambayo mwenyewe anasema ndiyo muhimu zaidi, muone kama zinafunguka. Muulizeni pia kama manenosiri ya tovuti zake yamehifadhiwa ndani ya Chrome. Hayo yamefungwa kwa ufunguo ulio ndani ya profaili yenyewe, kwa hiyo kuhamisha folda ya Chrome hakuyarudishi. Kama profaili bado inafunguka, ayatoe kwanza au ayaandike mahali salama. Na kama hati zake ziliwahi kufungwa kwa usimbaji wa Windows wenyewe, ule unaowekwa kwenye sifa za faili, simameni hapo hadi cheti chake, yaani faili yenye ufunguo wa kuzifungua, kitolewe, maana bila cheti hicho hati zitakuwepo na hazitasomeka.

Kwa aliyekutwa kwenye profaili ya muda, kuna matumaini ya kurekebisha bila kujenga upya. Bonyezeni Windows na R, andikeni regedit, na mfuate njia hii:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\ProfileList

Hiyo ni rejista ya Windows, daftari ambamo mfumo umeandika kila akaunti inakaa folda gani. Mtaona namba ndefu kadhaa. Zile fupi zinazoishia na 18, 19 na 20 ni za mfumo wenyewe, msiziguse. Tafuteni namba mliyoinakili kwenye karatasi. Mara nyingi mtaikuta mara mbili, moja ikiwa haina mkia na nyingine ikiwa na mkia wa .bak. Ile yenye mkia ndiyo ya kweli. Windows iliiweka pembeni iliposhindwa kuisoma, ikaunda nyingine ya muda. Hakikisheni kwa kubofya yenye mkia na kusoma mstari wa ProfileImagePath upande wa kulia, ambao unapaswa kuonyesha C:\Users\neema.

Zitoeni zote mbili kwanza kama faili, kwa kubofya kulia na kuchagua «Exporter», mziweke kwenye diski ya nje. Kisha ile isiyo na mkia muibadilishe jina kwa kuiongezea .muda, na ile yenye .bak muiondolee mkia huo. Ndani ya hiyo mliyoirudishia jina, mstari wa State uwekwe 0, na wa RefCount vilevile kama upo. Kama haupo, uacheni hivyo. Washeni upya, mwambieni mwenyewe aingie. Akikuta eneo-kazi lake la zamani, rudini kwenye rejista mfute ile yenye .muda, na kazi imekwisha. Hata hivyo, siku hiyohiyo fungueni dirisha jeusi la msimamizi mwandike chkdsk C: /f, mkubali ukaguzi ufanyike mashine itakapowashwa tena, kwa sababu profaili iliyovunjika mara moja kwa hitilafu ya diski itavunjika tena.

Ikiwa hakuna namba yenye .bak, au marekebisho hayo hayakusaidia, au mtumiaji alikuwa nyumbani kwake lakini nyumba yenyewe imeoza, ndipo tunajenga upya.

Windows ina njia yake rasmi: mnaandika sysdm.cpl kwenye kile kisanduku cha Windows na R, mnafungua ukurasa wa mipangilio ya juu, mnaingia kwenye «Profils des utilisateurs», mnamchagua mtu, mnabofya «Supprimer». Njia hiyo hufuta folda na kumbukumbu ya rejista kwa pamoja, akaunti inabaki, na mtu akiingia tena anapewa profaili mpya. Ni safi na ya haraka, lakini mimi siitumii kwenye mashine ya watu wengi. Haiulizi mara ya pili kuhusu picha za arusi zilizokuwa kwenye folda ambayo hamkuikumbuka, na ikishafuta imefuta.

Ninachofanya ni kubadilisha jina badala ya kufuta. Ndani ya C:\Users, folda ya neema ninaiita neema.zamani. Windows ikikataa kwa kusema folda inatumika, kuna mtu hajatoka sawasawa. Washeni upya na mjaribu tena mkiwa peke yenu ndani ya mashine. Kisha ninarudi kwenye ProfileList, ninatafuta namba ya neema, ninaitoa kama faili kwenye diski ya nje, na baada ya hapo ninaifuta kutoka kwenye rejista. Mambo haya mawili ni lazima yaende pamoja. Mtu akiondoa folda na kuiacha rejista, Windows itasoma kwenye daftari kwamba neema anakaa mahali fulani, itakwenda na kukuta kiwanja kitupu, na itampeleka tena kwenye profaili ya muda. Nimeitwa mara kadhaa kwenye mashine ambazo fundi wa kwanza alifuta folda kwa mkono na kuondoka akijisifu.

Uzuri wa njia hii ni kwamba inarudi nyuma. Kama mambo yataharibika zaidi, mnairudishia folda jina lake, mnabofya mara mbili ile faili ya rejista kwenye diski ya nje, na mmerudi mlipokuwa asubuhi.

Sasa washeni upya, neema aingie mwenyewe kwa neno lake la siri la siku zote. Windows itamjengea makao mapya kwa kufuata kielelezo kilichomo kwenye folda ya C:\Users\Default, na kwenye mashine za zamani zenye diski ya kuzunguka hilo linaweza kuchukua dakika kadhaa za kioo kisicho na kitu. Msizime. Kuzima katikati ya ujenzi huo ni kuanza upya na profaili nusu, na kama umeme wa mtaa wenu haueleweki siku hiyo, ni afadhali kungoja mpaka ondulea, ile betri ya akiba ya umeme, iwe imejaa.

Akiambiwa kwamba neno la siri si sahihi, msikimbilie kulibadilisha. Tazameni pembe ya chini ya kioo mjue ni mpangilio gani wa kibodi unaotumika. Kwenye AZERTY herufi A na Q zimebadilishana mahali, M imehama, na tarakimu za juu zinahitaji kitufe cha Shift; kwa hiyo mtu aliyezoea kuandika neno lake bila kutazama vidole anaweza kulikosea mara kumi, akiapa kwamba ndilo. Baada ya kuingia, mpangilio sahihi uwekwe pia ndani ya profaili mpya, maana huo hauchukuliwi kutoka kwenye ile ya zamani.

Akishaingia, rudisheni mali. Ingieni C:\Users\neema.zamani, na Windows ikiuliza ruhusa mbofye «Continuer» na kutoa neno la siri la msimamizi. Nakilini, msihamishe, yaliyomo kwenye Bureau, Documents, Images, Téléchargements, na folda nyingine yoyote aliyoiunda mwenyewe. Kama alikuwa anatumia OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, angalieni humo pia, kwani eneo-kazi na hati zinaweza kuwa ndani ya folda hiyo na si mahali pake pa kawaida.

Kishawishi kikubwa ni kuchukua kila kitu kwa mkupuo mmoja na kukimwaga kwenye folda mpya. Msifanye hivyo. NTUSER.DAT na wenzake wanaoanza kwa jina hilo wabaki huko waliko, kwa sababu ndio ugonjwa wenyewe. Folda iliyofichwa ya AppData isinakiliwe nzima. Chukueni humo vitu mnavyovijua tu. Kwa mtumiaji wa Firefox, alama za kurasa na manenosiri viko chini ya AppData\Roaming\Mozilla\Firefox\Profiles, na humo faili ya places.sqlite hubeba alama na historia, huku logins.json na key4.db zikibeba manenosiri kwa pamoja. Moja bila nyingine haifai. Fungueni Firefox mara moja kwenye profaili mpya ili iunde folda yake, muifunge, halafu mziweke faili hizo humo. Kwa Chrome, faili iitwayo Bookmarks iko chini ya AppData\Local\Google\Chrome\User Data\Default. Kielelezo cha Word chenye kichwa cha barua cha ofisi, Normal.dotm, kiko AppData\Roaming\Microsoft\Templates. Zaidi ya hapo, sijawahi kuona sababu ya kuingia.

Printa ya mtandao inayoshirikiwa kutoka kompyuta nyingine iunganishwe tena, kwa kuwa muunganisho huo ni wa kila mtumiaji, na ile inayochaguliwa kwanza iwekwe upya. Katika duka la fotokopi hili ndilo litakalolalamikiwa kabla ya jingine lolote.

Folda ya neema.zamani iacheni ilale. Mimi huipa wiki mbili, au mwisho wa mwezi kama mwenyewe ni mhasibu, kwa sababu kuna faili ambazo mtu hazikumbuki mpaka siku ya ripoti. Wakati huo huandika kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa pembeni ya mashine jina la folda, tarehe, na maneno «isifutwe», maana kwenye kompyuta ya pamoja kuna daima mwenye bidii anayesafisha diski bila kuulizwa. Muda ukifika ninamwita mwenyewe aketi kwenye kiti, aifungue kwa mara ya mwisho, na mkono unaobonyeza kitufe cha kufuta unakuwa wake.